Matambara Juu ya Dirisha

Siku ya kwanza kumwona Rodah, nilimsikia kabla sijamwona. Mvua ilikuwa inanyesha, pikapu imesimama nje ya geti, na sauti ya mwanamke ilikuwa inamwambia dereva kwamba akirudi nyuma tena kidogo atakuwa amewaleta kuishi mtaroni. Nilipofungua geti nikaona mizigo: kitanda, meza, kabati la mbao, na mashine ya kufuma sweta iliyoviringishwa kwa nailoni na blanketi juu yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mbele, karibu na dereva, alikaa mama mzee sana. Alikuwa amepakata kikapu chenye vibuyu viwili vyeusi vya maziwa, na hata alipokuwa anashuka hakukubali mtu amshikie kile kikapu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza ile ploti. Ni jengo la ghorofa tatu nje kidogo ya mji wa Kericho, pale nyumba zinapoishia na majani chai yanapoanzia. Kazi yangu ilikuwa geti, maji, taka, rangi, na kuwaonyesha watu nyumba. Hiyo ya mwisho ilinitesa, kwa sababu mimi si mtu wa maneno. Nikiangaliwa usoni na mtu nisiyemjua, ulimi unakuwa mzito kama nimejaza ugali mdomoni.

Yule mwanamke akaja mpaka mbele yangu, maji yanamtiririka kichwani. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, macho yanacheka hata kabla mdomo haujaanza. Akanyoosha mkono. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Sasa wewe," akasema, "ndiye mwenye funguo, ama wewe ndiye kufuli?"

Nikampa funguo.

"Nyumba ni ipi?"

"Ya chini. Ya nyuma." Halafu nikajikaza, kwa sababu watu waliotoka humo walikuwa wametoka kwa ajili hiyo. "Mama, hiyo nyumba inatoa jasho."

Akaangua kicheko. "Hata mimi natoa jasho. Tutaelewana." Kisha akapunguza sauti, akageuka kumtazama yule mzee. "Mama yangu hawezi ngazi. Kama kuna ingine ya chini, nionyeshe hiyo."

Hakukuwa na nyingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Jengo lilijengwa kwenye mteremko, na ili lipate nafasi kilima kilikatwa. Kwa hiyo ukuta wa nyuma wa ile nyumba unatazamana na ukuta wa udongo, katikati yake ni nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Juu ya udongo ni shamba la chai la mtu. Kericho mvua huja karibu kila alasiri, na maji yakitoka kwenye michai hushuka huko nyuma yakakaa. Jua halifiki. Dirisha la chumba cha kulala linaangalia huo udongo, na ukisimama ndani unaona mizizi.

Juu ya kila dirisha kuna mstari wa matundu madogo ya hewa, yasiyo na kioo. Waliojenga waliyaacha ili nyumba ipate kupumua. Lakini watu wetu wa huku huyaona kama mlango wa baridi, na mpangaji mpya akiingia, kabla hajatundika pazia, huyaziba. Huyaziba kwa gunia, kwa gazeti, kwa soksi ya mtoto. Ukisimama barabarani ukalitazama lile jengo, ungesema nyumba zote zimetia pamba masikioni.

Na Rodah pia aliyaziba. Jerusa, aliyekuwa anakaa juu yake, alishuka siku hiyo hiyo na gunia mkononi kumsaidia. "Ziba kabisa," alimwambia, "huyu mzee baridi ikimwingia kifuani ni nimonia moja kwa moja."

Nilikuja kumjua polepole, kwa kusikiliza tu. Yeye alikuwa na maneno ya kututosha wote wawili. Alikuwa na kibanda sokoni alikofuma sweta za shule, na jioni alizibeba nyumbani kuziosha na kuzipiga pasi. Alikuwa ameolewa upande wa Bomet, hakujaliwa mtoto, na ndoa ikaisha. Hilo alilisema kama mtu anayetaja kituo alichopita njiani. Alipenda kunitania. Akipita getini asubuhi husema, "Onsongo, leo umeamka na neno ngapi? Nigawie moja." Nami nikimjibu "Salama," husema, "Haya, usimalize zote, weka ya kesho."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni mama yake.

Mama yake aliitwa Tapkigen, ila ploti nzima tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Kwa desturi yao, mama akizeeka hukaa kwa mwanawe kitinda mimba. Nyumba ya mama ni ya huyo, na mama mwenyewe ni wake kumtunza. Kitinda mimba wa Kogo alikuwa Kipruto, mwenye ng'ombe na chai kidogo kule Sigowet. Lakini Kogo na mke wa Kipruto hawakupikika chungu kimoja. Siku moja Kogo alichukua vibuyu vyake akatembea mpaka barabarani, akakaa kwenye jiwe, akamwambia mtu wa bodaboda ampigie Rodah simu. Rodah akaja akamchukua.

Basi hapo pakawa na maneno. Mama mwenye wana, mwenye boma, akalale kwenye nyumba ya kupanga, tena kwa binti? Watu watasema wanawe wamekufa? Ndugu wakakaa kikao, wajomba wakaitwa, na mwisho wakakubaliana: akae kwa Rodah msimu wa baridi upite. Akiwa mzima, atabaki kama moyo wake unavyotaka. Akiugua, Kipruto atakuja na gari amrudishe nyumbani, na hakuna wa kuuliza.

"Unaona, Onsongo," aliniambia siku aliponieleza hayo, akiwa amebeba beseni la sweta mbichi kiunoni. "Mimi sina mtoto, sina shamba. Niko na mama. Na huyo mama wameniazima mpaka baridi iishe."

Baridi yenyewe ilianza mapema mwaka huo. Mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa na haukutaka kuondoka. Kila nilipoanza kufagia asubuhi nilimwona Rodah dirishani anapangusa kioo. Alikuwa na mkono wa sweta mbovu aliokuwa ameukata. Anapangusa kutoka juu mpaka chini, anaukamua kwenye beseni, anapangusa tena. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kioo upande wa ndani kana kwamba mvua imenyesha chumbani. Beseni lilipojaa alitoka kulimwaga mtaroni. "Hii nyumba inalia kuliko mjane," alisema.

Baada ya kioo ikaja zamu ya ukuta. Kwanza kwenye kona, chini, doa la kijivu kama vumbi. Kisha likawa jeusi. Likapanda. Ukivuta kabati unakuta mgongo wake una manyoya ya kuvu. Nguo za Kogo zikaanza kunuka. Jalada la Biblia yake likaota vidoa vyeupe, akawa analipangusa kwa kanga kila anapotaka kusoma. Godoro upande wa ukutani likawa baridi na zito, Rodah akalisogeza katikati ya chumba wakawa wanalala kama watu walio kisiwani.

Nilimwambia mwenye nyumba, Mzee Kiarie, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuja siku hiyo hiyo, hilo lazima niseme. Akagonga ukuta kwa kidole, akaangalia dari.

"Hakuna bomba imepasuka. Paa haivuji," akasema. "Haya maji ni yao wenyewe. Mama, unapika nini humu ndani?"

"Chakula," Rodah akajibu. "Ama humu ni kanisa?"

"Na hizi sweta umetundika sebuleni?"

"Nje kunanyesha, Mzee. Nizivae zote nizikaushe na mwili?"

Kiarie akacheka kidogo, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Akaniambia nije dukani nichukue rangi. Nikapaka. Chumba kikawa cheupe, Kogo akafurahi, akasema kimekuwa kama chumba cha arusi. Haukupita muda rangi ikavimba malengelenge, na ukibonyeza lengelenge linatoa maji.

Hapo Kogo akaanza kukohoa.

Mwanzo kilikuwa kikohozi kidogo cha asubuhi. Rodah alifanya kila kitu ambacho mtu wa huku angefanya. Aliwasha jiko la mkaa chumbani ili pawe na joto. Aliongeza matambara kwenye matundu. Alichuma majani ya mkaratusi akayachemsha kwenye sufuria kubwa, akamkalisha mama yake juu yake, akamfunika blanketi ajifukize, asubuhi na jioni. Ndiyo dawa yetu ya kifua, na hata mama yangu alinifanyia hivyo. Mvuke ukitoka kwenye blanketi ulijaa chumba kizima ukakosa pa kwenda. Ukirudi kesho yake, ukuta unang'aa maji. Kadiri mzee alivyozidi kukohoa ndivyo sufuria ilivyozidi kuchemka, na kadiri sufuria ilivyochemka ndivyo ukuta ulivyozidi kuwa mweusi.

Mwishowe akampeleka zahanati. Aliporudi alimlaza mama yake, akaja akakaa kwenye benchi yangu pale getini. Alikuwa hacheki.

"Unajua daktari amesema nini? Ati nifungue madirisha. Nitoe yale matambara. Nisiwashe jiko ndani, nisianike nguo ndani, nisichemshe kitu bila dirisha kuwa wazi. Nikamwambia, daktari, mimi nakaa Kericho, na huu ni mwezi wa saba. Akasema baridi haimuui, kinachomuua ni hicho kitu anapumua kwa ukuta. Onsongo, mimi ndiye nimekuwa nikimnywesha huo ukuta?"

Nikasema, "Sweta unaweza kuanika kwangu." Karibu na chumba changu cha getini palikuwa na kibanda cha mabati ambapo nilikuwa naweka koleo na mifagio, na upepo ulipita pande zote mbili. Akaniangalia. "Hiyo ndiyo sentensi ndefu umesema tangu nihamie," akasema, na kucheka kukamrudia kidogo.

Tukaanza upya. Jiko likawekwa nje mlangoni. Sweta zikaja kwenye kibanda changu, za kijani, za buluu, za damu ya mzee. Mimi nikachimba mfereji huko nyuma, kwa ubavu, ili maji ya mteremko yapate njia. Rodah akapanda juu ya kiti akayatoa matambara yote kwenye matundu, akafungua dirisha la chumbani kabla ya kwenda sokoni. Siku chache kioo kilipungua kulia. Nilimwona anapangusa mara moja tu, beseni halijai.

Lakini kikohozi hakikupungua, na baada ya hizo siku chache kioo kikaanza kulia tena. Rodah akachanganyikiwa. Alikuwa anafuata kila neno la daktari. Siku moja mchana nilikuwa huko nyuma nasafisha mfereji, nikainua macho, nikaona dirisha limefungwa na matundu yamejaa matambara. Asubuhi nilikuwa nimeyaona yako wazi.

Nikadhani Rodah amebadili nia. Jioni, kabla hajarudi, nikayaona tena yako wazi. Ndipo kesho yake nikakaa pale nyuma na koleo langu, nikasubiri. Rodah alipokwisha kwenda, nikasikia kiti kinaburutwa. Mkono wa Kogo ukatokea kwenye tundu la kwanza, umekunjamana, unasukuma kipande cha kitambaa cha maua. Halafu tundu la pili. Alikuwa amesimama juu ya kiti, yeye asiyeweza ngazi.

"Kogo," nikasema, "utaanguka."

Mkono ukasimama. Kisha uso wake ukaja kwenye kioo. Hakushtuka. Labda kwa sababu mimi ni mtu ninayenyamaza, watu huniona kama ukuta mwingine. Akafungua dirisha kidogo akaniambia nisimwambie binti yake. Nikamuuliza kwa nini anaziba.

Kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja, akaniambia. Zamani alikuwa mchuna majani kwenye shamba kubwa, akikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zinazoitwa laini. Dirisha la nyumba yao lilikuwa limevunjika kioo, na alipoomba litengenezwe aliambiwa asubiri. Alikuwa na mtoto mchanga, msichana. Mwezi kama huu, baridi kama hii. "Upepo iliingia pale dirisha, ikamkuta amelala. Daktari alisema nimonia. Nilizika yeye na sijamtaja tena, kwa sababu Rodah alikuwa anakuja tumboni, na sisi hatutaji." Akagusa lile tambara la maua. "Rodah ni mtoto wa shule. Yeye anasikia daktari. Mimi nimeona huyo upepo na macho."

Akafunga dirisha.

Nilikaa na neno hilo siku nzima, na jioni Rodah alipokuja kuchukua sweta nilimwambia. Nilimwambia yote, mpaka mtoto. Kwangu ilikuwa ni kazi kubwa, nilikuwa naongea nikiangalia mfagio. Nilidhani atakasirika, ataingia ndani kwa kelele zake. Hakufanya hivyo. Alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, sweta ya mtoto mdogo mikononi, akaikunja, akaikunjua.

"Mimi nilijua mimi ndiye kifungua mimba," akasema. "Maisha yangu yote nimekuwa nikijua ni mimi."

Tangu siku hiyo aliyaacha yale matambara yakae, hakuyatoa tena mbele ya mama yake. Nilimuuliza. Akasema, "Niyatoe vipi? Nimwambie mama yangu alidanganywa na macho yake?" Akatafuta njia nyingine. Jua likichungulia alimtoa Kogo, akamleta na kiti chake mpaka getini kwangu, na huku nyuma akafungua kila kitu haraka haraka, kisha akayarudisha matambara kama yalivyokuwa kabla mama hajarudi. Kogo alikaa na mimi akichambua maharagwe. Hatukuongea sana, na sisi wote wawili tuliridhika. Siku hizo alikohoa kidogo. Lakini jua la mwezi wa saba huku ni kama mgeni mwenye haraka. Ukungu ukarudi, mvua ikaanza asubuhi badala ya alasiri, na Kogo akabaki ndani na matundu yake yaliyozibwa.

Halafu Kipruto akapiga simu kwamba anakuja kumwona mama.

Rodah alikuja kuniita. "Njoo unisaidie kusukuma kabati." Tulilisukuma mpaka likafunika sehemu nyeusi ya ukuta. Pale lilipotoka akatundika leso kubwa yenye maandishi. Akapangusa kioo, akapangusa sakafu, akafukiza karafuu kidogo kwenye mkaa ili kuondoa harufu. Kogo alikuwa kitandani anatutazama. Kifua chake kilikuwa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta, lakini alikuwa amevaa sweta mpya na alitabasamu, kwa maana na yeye alitaka kubaki.

"Kaa hapa unywe chai," Rodah akaniambia. "Watu wakiwa wengi, Kipruto haangalii ukuta."

Nikakaa. Kipruto aliingia ameinama mlangoni, mtu mrefu, mpole, mwenye viatu vya matope. Alimsalimia mama yake kwa mikono miwili. Akamwona ana sweta, ana soksi, nywele zimechanwa, anacheka. Chai ikaja. Rodah akaongea bila kupumua: kanisa, bei ya uzi, ng'ombe aliyezaa mapacha kwa jirani. Nilimwona Kipruto anaanza kulegea mabega. Akasema, "Basi, naona mama yuko sawa." Nilimwona Rodah anafumba macho kidogo tu.

Ndipo Kogo akasema, "Mtoto wangu hawezi kwenda na chai."

Kwao, mwana akimtembelea mama yake hupewa mursik, maziwa ya kugandisha, kutoka kwenye kibuyu cha mama mwenyewe, na mama hangojei kuombwa. Kogo alikuwa ameyatayarisha kwa mikono yake tangu aliposikia mwanawe anakuja. Alikisugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akaweka maziwa yaliyochemshwa, akakifunika, akakitundika kwenye msumari mahali pake pa siku zote: ukuta wa chumbani, upande wa udongo. Rodah hakukumbuka kibuyu. Alikumbuka kabati, leso, kioo na sakafu.

Kogo akainuka mwenyewe, akakileta amekikumbatia. Akakitikisa, akamimina kwenye kikombe. Nilikuwa karibu, harufu ikanifikia kwanza. Haikuwa ile harufu ya moshi na maziwa tunayoijua. Ilikuwa harufu ya gunia lililolala mvuani.

Kipruto akapokea kwa mikono miwili. Akanywa, akameza. Maziwa ya mama hayatemwi. Aliweka kikombe chini taratibu sana, na macho yake yakabaki kwenye kikombe.

"Ni tamu?" Kogo akauliza.

"Ni tamu, mama."

Lakini mama anamjua mtoto wake. Akachukua kikombe, akaonja. Akachukua kile kibuyu, akakigeuza, akaona upande uliokuwa umelalia ukuta: ulikuwa laini, una kuvu la kijani kama utelezi ulioota kwenye jiwe la mtoni. Akaingia chumbani, akatoka na kibuyu cha pili. Akatia kidole ndani, kikatoka na manyoya.

Rodah alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Nilikaa kwenye laini ya wafanyakazi mvua inanyesha ndani," Kogo akasema. "Nilizika mtoto nikiwa hapo. Na hata hapo maziwa yangu haikufa." Akavipanga vile vibuyu kwenye kikapu, kimoja baada ya kingine. "Kipruto, nipe mkono. Twende."

"Mama, ni kibuyu tu," Rodah akasema. "Nitakununulia ingine. Mama."

"Kibuyu tu?" Kogo akamwangalia, bila hasira. "Mimi niko na nini ingine?"

Kipruto akasimama. Akaivuta ile leso kwa kidole, akaweka kiganja ukutani, akakitoa, akakitazama kinavyong'aa. "Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ya kudharau, ndiyo sababu iliuma zaidi, "hata ng'ombe wangu analala pakavu."

"Na bibi yako? Atalala na bibi yako pakavu?"

"Nimeongea na yeye."

"Umeongea!"

"Rodah, ukipata nyumba kavu, kuja tuongee. Sijakataa. Lakini si hii."

Kogo aliondoka amevaa ile sweta mpya, kikapu mapajani kama siku aliyokuja. Rodah alimfunga blanketi, akamfunga tena, akapandisha kioo cha gari mpaka juu kabisa ili upepo usimpate. Gari lilipotoka alibaki amesimama kwenye geti. Mvua ikamnyea, na sikujua kama nimwambie aingie.

Alikaa kwenye ile nyumba mpaka mwezi wa nane ukaisha. Habari zilikuja kwa simu kwamba Kogo anakohoa kidogo tu, kwamba kule Sigowet ni chini na kuna joto, kwamba anakaa juani. Rodah alizipokea akisema, "Asante Mungu," na kila mara baada ya kukata simu alikuwa hana la kufanya na mikono yake. Hakunitania tena kuhusu maneno. Wakati mwingine alikuja tu akakaa kwenye benchi, tukanyamaza sote wawili, na nikagundua kwamba kunyamaza kwake kulinitisha.

Kisha akaniambia amepata chumba Mulot, kwenye barabara ya kwenda Narok, kule wanakolima ngano na mahindi na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Kuna shule nyingi, watoto wanataka sweta. "Nimeweka mkono kwa ukuta," akasema. "Nimeweka huku, nimeweka kule. Umekauka kama mfupa. Nitakaa kidogo, kisha nitamwita Kipruto aje aweke mkono wake."

Siku ya kuhama nilimsaidia kupakia. Kitanda, meza, kabati lililooza mgongo, mashine na blanketi lake. Mwishowe akarudi ndani peke yake, nikamsikia anaburuta kiti. Alipotoka alikuwa amebeba beseni lililojaa matambara, magunia na vipande vya sweta, akayamwaga kwenye pipa langu la taka. Akanipa funguo. Mkono wake ulikuwa baridi. Akapanda mbele karibu na dereva, pale alipokuwa amekaa mama yake, na gari likaanza kusogea. Halafu akamwambia dereva asimame, akashusha kioo.

"Onsongo, dirisha la chumbani kuna kitambaa moja nimeacha, ile ya maua. Nimejaribu, mkono umekataa. Ngoja gari ipite kona, ndio ukitoe."